Sufuria Nne Hadi Halifax

Pale Lusahunga, ukimuuliza dereva wa lori ni umbali gani mpaka Rusumo, atakutajia kilomita. Ukimuuliza wakala wa mabasi, atakwambia "hapo tu" ili ukate tiketi. Ukimuuliza Speciosa Niyonkuru, mwenye mgahawa wa mabati mekundu unaotazamana na maegesho ya malori, ataangalia jikoni kwanza, kisha atakujibu, "Sufuria moja, tena haijaiva vizuri."

Wala hatanii. Maharage makavu ya Nyabusozi, yasiyolowekwa, kwa kuni zilizokauka, yanaiva kwa masaa matatu, na kwa Speciosa huo ndio mwendo wa dunia. Biharamulo mjini unafika maji hayajachemka. Ngara ni sufuria moja. Mwanza ni sufuria moja na nusu, na ukipanda gari linalosimama kila penye mtu aliyenyoosha mkono, ni mbili. Madereva humwita Mama Ira, kwa jina la binti yake Iradukunda, lakini akigeuka mgongo humwita Mama Sufuria. Jina hilo analijua vizuri sana na hujifanya halijui.

Ni mwanamke wa miaka arobaini na saba, mfupi, mwenye sauti ya kuamrisha na mkono usiopima mchuzi. Ukibakiza ugali kwenye sahani yake atakuuliza kama unaumwa. Na kila anapomimina maharage kwenye maji, husema neno moja kwa sauti ya chini: "Asante." Wateja wageni hudhani anamshukuru aliyemletea maji.

Asante hiyo ina mwenyewe, naye amelala makaburini Mugoma. Aliitwa Theodosia. Mwaka tisini na tatu, Speciosa akiwa na miaka kumi na mitano, alivuka mpaka kutoka Muyinga, Burundi, akikimbia vita, akiwa amembeba mgongoni mdogo wake Anjelika, mtoto wa miaka sita aliyekuwa mzito kwa umri wake. Mama yao alibaki njiani, na hilo Speciosa halisimulii, nasi tumwachie. Walitokea Mugoma jioni, wakaingia uani kwa watu wasiowajua, wakasimama kama watu waliosahau walichotumwa. Theodosia alikuwa anachambua maharage. Hakuuliza majina wala kabila. Aliongeza konzi mbili, kisha ya tatu, akatia sufuriani, akasema, "Kaeni, yanaiva sasa hivi." Hayakuiva sasa hivi. Yaliiva baada ya masaa matatu, na masaa hayo matatu, pembeni ya moto wa mtu mwingine, yalikuwa ya kwanza kwa wiki nzima ambayo Speciosa alikaa bila kuogopa. Tangu hapo, akitaka kujua kitu kina urefu gani, anakipima kwa muda ule.

Baadaye walipelekwa kambi ya wakimbizi pamoja na shangazi yao Odeta, wakakulia huko. Lakini mtoto wa Theodosia, kijana mpole aitwaye Matiasi, alijikuta ana shughuli nyingi sana za kupita kambini, mara kuuza ndizi, mara kutafuta mbuzi aliyepotea ambaye hakuwahi kuwepo. Speciosa akaolewa Mugoma. Alifurahi na kulia siku hiyo hiyo, kwa sababu ndoa ile ilimrudisha kwenye moto ule ule, ila ilimwacha Anjelika kwenye karatasi za ukimbizi za shangazi.

Karatasi hizo ndizo zilizompeleka Anjelika Kanada, mwaka elfu mbili na saba.

Hapa Speciosa alikosea, na mwenyewe anajua. Alipoambiwa kwamba jina la Odeta limetoka kwenye orodha ya wanaopelekwa Kanada, pamoja na majina yote ya kwenye karatasi yake, alikwenda kambini akawaka. Alimwambia mdogo wake, mbele za watu, kwamba hakumbeba mgongoni kutoka Muyinga ili aje apelekwe kwenye barafu. "Ukienda, usinitafute." Anjelika alikuwa na miaka ishirini. Aliendelea kukunja nguo. Speciosa akarudi Mugoma kwa miguu, na hasira ikamwisha kabla hajafika nusu ya njia, ila aibu ya kugeuka ikamshinda.

Wiki mbili baadaye alipita jirani mwenye baiskeli, akamwambia ameona tangazo kambini: basi linaondoka Alhamisi, saa nane.

Siku hiyo Speciosa aliamka amejipanga. Angekwenda, angeomba msamaha, na asingekwenda mikono mitupu. Saa mbili asubuhi aliwasha moto, akainjika maharage, maana mtu asafiriye namna ile haondoki bila kitu cha tumboni kutoka kwa dada yake. Mvua ilikuwa imenyesha na kuni zilikuwa mbichi. Maharage yaligoma. Matiasi alikuwa anazunguka na baiskeli uani akisema "twende," naye anajibu "bado kidogo," mpaka ikafika saa sita. Walikimbiza baiskeli masaa mawili, Speciosa nyuma na sufuria mapajani, mchuzi ukimwagikia kanga. Waliingia kambini saa nane na robo.

"Basi limeondoka," watu walimwambia.

Hakuuliza limeondoka lini. Aliangalia saa ya Matiasi, akaona ile robo saa, akajua kilichomponza. Maharage yale aliwagawia watoto wa pale, na yeye mwenyewe hakuonja.

Miaka kumi na minane hakumwambia mtu. Anjelika alipoanza kupiga simu, mwaka mmoja baadaye, waliongea habari za afya, za baridi, za Ira kuanza shule, za kuhamia Lusahunga kufungua mgahawa, za msiba wa Theodosia, na miaka ilivyokwenda, za msiba wa shangazi Odeta kule kule Kanada. Siku ya basi hawakuigusa. Anjelika hakuuliza, Speciosa hakueleza. Kila mmoja aliipita mbali, kama unavyopita mbali na mbwa wa jirani.

Simu ilikuwa inakuja Jumapili, saa saba. "Dada, nitakupigia Jumapili saa saba," Anjelika husema, na Jumapili saa saba mchana, wakati wa kupakua, simu ndogo ya Speciosa inalia kwenye mfuko wa aproni. Hili lilimpa Speciosa fahari kubwa. Alikuwa amesikia habari za watu waliokwenda ng'ambo miaka miwili tu wakarudi hawajui kuhesabu saa. Ukiwaambia saa mbili wanaelewa saa nane. Wa kwake hakuwa hivyo. "Miaka yote hiyo Harifakisi," aliwaambia madereva, maana jina la Halifax, mji wa mdogo wake, halijawahi kumkalia mdomoni, "na saa yake bado ni ya nyumbani!"

Palikuwa na vijimambo viwili vya kushangaza, lakini Speciosa alikwisha kuvipatia majibu. Cha kwanza, Anjelika akipiga hiyo saa saba husema ndiyo kwanza anakunywa chai ya asubuhi. Speciosa alikata shauri kwamba jua la Kanada ni vivu, linatoka saa saba mchana, ndiyo sababu kuna barafu. Cha pili, ikifika miezi ya baridi, simu ya saa saba inakuja saa nane. Hapo alimsamehe tu: nani hachelewi kuamka kwenye baridi?

Aliyewahi kutia shaka ni Zita, binti wa kibanda cha simu pembeni ya mgahawa, ambaye hutengeneza simu, huchaji simu, na huwasomea watu vilivyomo kwenye simu. "Mama Ira, mbona wazungu wana saa zao?" aliuliza siku moja.

"Wazungu ndiyo. Anjelika ni wa Muyinga."

Zita aliacha, maana kubishana na Speciosa wakati wa chakula cha mchana ni kutaka kulala njaa.

Mwaka huu, mwezi wa tano, ikaja habari. Anjelika alituma ujumbe wa sauti kwenye simu kubwa ya Zita. Zita aliuweka mbele ya mgahawa mzima, na sauti ikatoka ikisema kwamba kazini kwake, kwenye jiko la hospitali, wamempa likizo ndefu. Mwezi wa saba anakuja nyumbani. Speciosa alikaa chini juu ya gunia la mkaa. Malongo, dereva wa lori la mafuta anayekula pale safari zote, ndiye aliyeipua ugali siku hiyo usiungue.

Alipopata pumzi aliuliza swali ambalo hakuwahi kuliuliza kwa miaka yote, labda kwa kuogopa jibu. "Zita, mwanangu. Hebu niangalizie. Toka huko mpaka Mwanza ni mbali kiasi gani?"

Zita alibonyeza, akangoja, akasoma. "Kilomita elfu kumi na mia saba, Mama Ira. Hiyo ni kama ndege inanyoosha. Masaa kumi na matatu."

"Masaa? Siyo siku?"

"Masaa."

Speciosa alihesabu kwa vidole, mara mbili, midomo ikicheza. "Sufuria nne," alisema. "Nne na kidogo."

Akamgeukia Malongo kwa ukali, kana kwamba ni yeye aliyemficha. "Wewe unatoka bandarini Dar mpaka hapa siku ngapi?"

"Tatu, mama. Nikipata pancha Singida, nne."

"Kumbe Kanada ni karibu kuliko Dar!"

Mgahawa ulicheka, naye akacheka, kisha machozi yakamtoka pale pale kwa furaha. Miaka yote alikuwa amemweka mdogo wake mwisho wa dunia, mahali pasipo na njia ya kurudi, kumbe ni sufuria nne za maharage, kazi ya siku moja kwa mpishi asiye mvivu. Zita alijaribu kumweleza kwamba ndege hainyooshi, kwamba mtu atatoka Halifax aende Toronto, Toronto aende Addis Ababa, Addis aje Dar, na kungoja katikati, jumla karibu siku mbili. Speciosa hakutaka kuharibiwa hesabu yake. "Kungoja siyo umbali," alisema. "Kungoja nakujua mimi."

Ujumbe wa mwisho ulifika wiki ya safari. "Dada, natua Mwanza Alhamisi, saa saba na dakika ishirini. Naomba uje wewe mwenyewe. Wengine nitawakuta nyumbani."

Alhamisi tena. Speciosa aliikumbuka siku ile ya basi. Usiku na mchana alikuwa na nia moja: mara hii akanyage uwanjani kabla ya ndege, asimame mahali pa kuonekana, na Anjelika akitokeza tu mlangoni amwone dada yake amesimama. Lingine lote, ng'ombe wa Matiasi aliyenenepeshwa Mugoma, kwaya ya kigango, shuka mpya, lilikuwa nyongeza. Alijiwekea sheria. Maharage hayapikwi siku ya safari. Aliyapika Jumatano mchana, kwa kuni alizozianika yeye mwenyewe wiki nzima juu ya mabati, na alfajiri aliyapasha moto tu, akayafungia kwenye hotpoti kubwa, akaizungushia kanga. Saa moja asubuhi alikuwa ndani ya gari, kiti cha mbele. Matiasi alimshikia mlango akamwambia, "Leo hakuna kitu cha kukuchelewesha." Simu alikuwa ameisahau kwa Zita, kwenye chaji, na aliligundua hilo walipofika Geita. Hakujali. Wa kumpigia yuko angani.

Walivuka ziwa pale Busisi kwa daraja jipya. Zamani pale ungengoja kivuko mpaka uchoke. Leo gari halikusimama hata kidogo. Speciosa aliangalia maji chini akasema asante kwa sauti, na konda akaitikia, "Karibu." Njia nzima alikuwa anashukuru namna hiyo: kwa lami, kwa dereva asiyesimama ovyo, kwa Zita na simu yake, kwa wazungu wale waliompa mtoto wa watu kazi na koti. Aliingia uwanja wa ndege saa sita kasoro dakika kumi. Lisaa limoja na nusu mkononi! Angeweza hata kukaa. Hakukaa. Alisimama mbele kabisa, hotpoti miguuni, macho kwenye mlango wa wanaotoka.

Alisimama kama nusu saa hivi. Askari wa mlangoni, mtu mzima mwenye mvi za kidevuni, alimsogelea.

"Shikamoo mama. Unapokea mgeni?"

"Marahaba. Mdogo wangu, anatoka Kanada. Anakuja na ndege ya Dar ya saa saba na dakika ishirini."

Askari alikunja uso. "Saa saba mchana huu hakuna ndege ya Dar, mama. Labda ile ya saba na ishirini ya asubuhi." Alimwonyesha karatasi iliyobandikwa kwenye kioo, akaweka kidole. Paliandikwa 07:20. "Hii. Hii ni saa moja na dakika ishirini. Imetua mapema sana, abiria wote wametoka."

"Hapana," Speciosa alisema. "Huyu anahesabu saa ya kwetu."

"Ndege haihesabu ya kwetu, mama yangu."

Aliangalia ile karatasi. Saba iliyokuwa pale haikuwa saba yake. Ikamjia yote kwa mpigo mmoja: chai ya asubuhi ya saa saba, jua vivu, simu ya baridi inayokuja saa nane. Anjelika alikuwa amesahau, tena zamani. Miaka yote hiyo alikuwa anasoma saba ya ukutani kwake, na kwa bahati tu saba hiyo ilikuwa inaangukia kwenye saba ya Lusahunga, na dada mjinga huku akatangaza kwa madereva kwamba mtoto hajasahau nyumbani. Alhamisi ile alichelewa robo saa. Hii amechelewa karibu masaa matano. Akamwona Anjelika akitokeza mlangoni asubuhi ile, anaangaza huku na huku, na mbele yake hamna mtu.

"Mukuru wanje."

Ni Kirundi, na maana yake ni mkubwa wangu. Ndivyo mtoto mdogo anavyomwita dada yake. Sauti ilitoka nyuma. Speciosa aligeuka. Kwenye benchi la kivulini, ambalo yeye mwenyewe alilipita akikimbilia mbele, alisimama mwanamke mnene mwenye miwani na raba nyeupe, amezungukwa na masanduku. Speciosa alikuwa amekuja kumtafuta msichana wa miaka ishirini, mwembamba. Mwanamke huyu alikuwa na paji la uso la mama yao.

Anjelika alikunja magoti, raba na miwani na yote. "Shikamoo, dada."

"Marahaba," Speciosa alisema. Walishikana. Askari alijifanya anasoma karatasi yake.

"Na wewe ulikuwa hapo unaniangalia tu?" Speciosa aliuliza alipoweza.

"Nilipitiwa na usingizi. Nimefungua macho nikasikia mtu anambishia askari. Nikajua ni wewe."

"Nimechelewa. Nisamehe. Nimechelewa tena."

"Nilijua unakuja. Nilipotoka sikukuona, nikaazima simu ya dada mmoja nikapiga namba yako. Akapokea binti." Anjelika alifuta miwani kwa ncha ya blauzi. Kiswahili chake kilikuwa kinatembea polepole, kinachagua pa kukanyaga. "Anaitwa Zita. Akaniambia umeondoka asubuhi kupokea ndege ya saa saba. Nikamwambia, lakini mimi nimeshatua saa saba! Akaniambia, dada, sasa hivi ni saa mbili. Nikacheka sana. Kisha nikaacha kucheka."

Alimkalisha Speciosa kwenye benchi, akakaa karibu yake, akamshika mkono kwa mikono miwili.

"Nimekaa hapa asubuhi yote na swali moja. Siku ile ya basi, kambini. Nani alikwambia saa ya kuondoka?"

Speciosa aliinamisha kichwa. Hilo ndilo alilolikimbia miaka kumi na minane, na sasa limemkuta benchini. "Jirani. Alisoma tangazo. Akaniambia saa nane."

Anjelika alifumba macho.

"Na mimi nikachelewa, Anje. Nilikuwa nakupikia maharage ya njiani, kuni mbichi, hayakuiva upesi. Nilifika saa nane na robo. Robo saa tu. Ningeyaacha maharage ningekukuta, ila niliona aibu kuja mikono mitupu, kwa maneno yale niliyokwambia. Mpaka leo sijawahi..."

"Dada. Ulikuja?"

"Nilikuja! Na sufuria mapajani! Matiasi shahidi!"

"Mimi nilijua hukuja." Anjelika alisema taratibu, machozi yakimtoka bila kuyazuia. "Nilikaa dirishani, upande wa barabara ya Mugoma. Nikasema, alisema nisimtafute, kumbe ilimtoka moyoni kweli. Sikutaka kukuuliza kwenye simu. Niliogopa usije ukaniambia ni kweli." Akatingisha mkono wa dada yake. "Tangazo lile nililisoma mimi pia. Liliandikwa na wazungu. Nane, na sifuri mbili. Basi liliondoka saa mbili, dada. Saa mbili asubuhi, umande bado uko kwenye majani."

Speciosa alihesabu. Hakutumia vidole. Saa mbili asubuhi ndipo alipowasha moto. Wakati anapuliza zile kuni mbichi, basi lilikuwa linatoka langoni. Hata angeyaacha maharage, hata angepaa, asingelikuta. Miaka kumi na minane alikuwa anayalaumu maharage, na maharage hayakuwa na kosa lolote.

Alianza kucheka. Kicheko kilimtoka chini kabisa, kikamtikisa mabega, na Anjelika akaambukizwa, wanawake wawili wazima wameshikana benchini wanacheka huku wanalia, watu wanapita na mabegi wakiwakwepa. "Ee Mungu asante," Speciosa alikuwa anasema katikati ya kicheko. "Asante nimechelewa leo. Asante mtoto umesahau saa. Ningefika saa moja na ishirini, ningekupokea vizuri, tungekwenda zetu nyumbani, na hili lingebaki limekaa kati yetu mpaka tufe."

"Nitajifunza tena saa," Anjelika alisema.

"Usijifunze. Wewe sema tu, mimi nitauliza ni saa ya wapi."

Walipotulia, Anjelika aliangalia lile furushi la kanga miguuni. "Hiyo nini?"

Speciosa aliifungua kanga, akafungua hotpoti. Mvuke ulikuwa bado upo, mdogo, na harufu ya vitunguu na mawese ikatoka. Alitoa sahani mbili za bati na vijiko alivyovifunga kwenye kitambaa.

"Ndiyo yale?"

"Ndiyo yale."

Alimpakulia, kwa mkono wake usiopima. Anjelika aliishika sahani kwa mikono miwili, akaisogeza karibu na uso. Alikuwa na miaka sita jioni ile ya Mugoma, na Speciosa siku zote aliamini kwamba mtoto alikuwa mdogo mno kukumbuka. Kabla ya kijiko cha kwanza, Anjelika aliinamia maharage na kusema neno moja kwa sauti ya chini.

"Asante."

Speciosa hakumuuliza anamshukuru nani. Alijipakulia na yeye, wakala.